Ukingo wa Ziwani

Mguu wa Ngosha ulikatwa siku ya Jumanne. Kufikia Ijumaa, kijiji kizima upande wa Busisi kilikuwa kinasema kwamba aliyeukata si daktari, ni yule binti wa Kihaya na droni yake.

Kemilembe hakuhitaji kuletewa umbea. Aliusikia mwenyewe kwenye korido ya hospitali jijini Mwanza, akiwa ameshika chupa ya uji na mfuko wa machungwa. Mzee Shimba, baba yake Ngosha, alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia yake ikiwa magotini. Kemilembe alipiga goti kama alivyolelewa kwao Kamachumu.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitika. Mtu mzima anaweza kukunyima vingi, lakini marahaba huwa hanyimi, na manesi waliokuwa wakipita walipunguza mwendo kuona kulikoni.

"Rudi na uji wako," mzee alisema taratibu, bila kupandisha sauti. "Mwanangu ameswaga ndama chini ya miti ile tangu utotoni na halijawahi kumdondokea hata tawi. Ukaja wewe na mdudu wako wa angani, ukatuambia huu ukatwe, huu ubaki. Tukakusikiliza. Sasa nyumbani kwangu usifike tena. Na hayo mambo yenu na Machibya yameishia hapa."

Nyuma ya mzee alisimama Machibya mwenyewe. Alikuwa mtoto wake wa kwanza, msimamizi wa msitu wa kijiji, na mwanaume ambaye wazee wake walitarajiwa kwenda Ilemela mwezi huohuo kupeleka posa kwa shangazi yake Kemilembe. Kemilembe aliyatafuta macho yake. Alitaka neno moja tu, hata nusu ya neno. Machibya alikuwa anatazama sakafu, vigae vile vyeupe vilivyopauka kwa dawa, kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

Alimsamehe palepale. Alijiambia kwamba mwanaume wa Kisukuma hambishii baba yake mbele za watu, tena mdogo wake akiwa amelala ndani na bandeji pale mguu ulipokuwa. Akaweka uji na machungwa dirishani, akaaga, akaondoka. Alipofika kwenye ngazi hakuendelea kushuka. Alikaa hapohapo, watu wakimpita huku na huku, na swali lililokuja kumnyima usingizi majuma yaliyofuata likamjia kwa mara ya kwanza: je, kama mzee anasema kweli?

Kazi yenyewe ilianza vizuri mno. Msitu ule wa mipaini ulipandwa na akina Mzee Shimba walipokuwa vijana, kwenye kilima kinachoangalia ghuba, na tangu hapo haukuwahi kupunguzwa. Miti ilikuwa imebanana, myembamba na mirefu, kila mmoja ukigombea jua. Chini yake kulikuwa na giza mchana kweupe, hakuonekani kitu isipokuwa uyoga. Kijiji kilitaka mipaini ipunguzwe ili miti ya asili irudi, mivule na mininga ambayo wazee bado waliikumbuka kwa majina ya mahali ilipokuwa imesimama. Kampuni ya Kemilembe ilimtuma yeye na droni.

Wanakijiji walidhani atapiga picha. Droni ile ilikuwa na jambo la zaidi. Ilipopita juu ya msitu ilimwaga mwanga wa leza usioonekana kwa macho, ukapenya kati ya majani mpaka ardhini na kurudi, na kompyuta ikaujenga msitu upya kwa nukta ndogondogo: urefu wa kila mti, upana wa matawi yake, mahali jua linapofika na mahali lisipofika, hata mche wa mvule uliojificha chini ukingoja nafasi. Kutokana na hapo Kemilembe aliweza kusema ni mti upi uondoke ili upi upumue.

Machibya ndiye aliyepewa kazi ya kumwongoza. Alitembea mbele na panga, na kila alipofyeka tawi alilishika mkononi mpaka Kemilembe apite, ndipo aliachie. Siku moja alimwomba amwonyeshe kilima chao kwenye kompyuta. Kemilembe alibonyeza mahali, miti yote ikatoweka, ikabaki ardhi tupu na mikunjo yake, mapito ya ng'ombe ya zamani, korongo ambalo Machibya alilivuka kila siku bila kujua lilikoanzia.

"Umekivua nguo kilima chetu," alisema.

Kisha akasikia alichosema, akaona haya, akageuza uso. Kemilembe alicheka mpaka kalamu ikamwanguka. Walipoinama wote wawili kuiokota, hakuna aliyeiokota haraka.

Baada ya hapo hawakuhitaji sababu. Walipaka rangi miti pamoja: nyekundu kwa inayokatwa, nyeupe kwa inayobaki. Kila mti walipaka mara mbili, usawa wa kifua na tena chini karibu na mizizi, ili hata ukishakatwa kisiki kiseme ulikuwa na rangi gani. Walipofika upande wa ziwani, ambako miti ilikuwa imenyooka, tena minene na imara kwa kuwa ilikua ikipigwa na upepo miaka yote, Kemilembe alipaka nyeupe mstari mzima.

"Huu ni ukuta," alimwambia. "Huko ndani punguzeni kama nilivyoonyesha, lakini ukingo huu msiuguse. Ile ya ndani imezoea kuegemeana. Upepo wa ziwani ukipata mlango, utaipukutisha."

Machibya alisema ameelewa. Akarudia maneno yote, ili mwenzake aone kwamba ameelewa.

Kikwazo kilikuwa kwa watu. Mzee Shimba alitaka mkwe anayejua kukamua, asiyeshinda akitazama mbingu. Na kule Ilemela, kwenye nyumba yake juu ya mawe, shangazi Wilhelmina alikuwa na lake. Alisema wao hawamkatai Msukuma, akalisema kwa sauti ya mtu anayekataa. Alimlea Kemilembe tangu kidato cha kwanza, akamsomesha, na hakuwa tayari kumwona anapelekwa kwenye boma la ng'ombe kusubiri kujengewa. Kijana ajenge kwanza. Apaue, yeye aje aone kwa macho yake, halafu ndipo wazee wake wakaribishwe.

Machibya alijenga. Alipata kiwanja Usagara, ng'ambo ya daraja, ili Kemilembe awe karibu na mji. Kuta zilikuwa zimesimama bila paa kwa muda mrefu, kisha ghafla, katika majuma machache, nyumba ikapauliwa. Siku alipopelekwa kuiona, Kemilembe alisimama katikati ya sebule isiyo na sakafu, akatazama juu kwenye kenchi mpya, harufu ya utomvu ikiwa bado mbichi, akafikiri kwamba hakuna mtu aliyewahi kufanya haraka hivyo kwa ajili yake.

Dhoruba ilikuja mchana, baada ya kazi ya kupunguza kumalizika. Ilitoka ziwani na mvua ya mawe. Ngosha alikuwa ameingia msituni kuwatoa ndama, na mipaini ya ndani ikaanza kulala, mmoja ukiuvuta mwingine. Waliompata chini ya mti walimkuta bado anaongea, anauliza kama ndama wako salama.

Bosi wake Kemilembe alimshauri apumzike, atumwe mtu mwingine kuchunguza kosa liko wapi. Kemilembe alikataa. Usiku kucha siku zile alikuwa akirudia hesabu zake, akitafuta mahali alipoamuru miti mingi mno iondolewe, na kila alipokosa kuliona kosa hofu ilizidi, kwa sababu kosa usiloliona huwezi kulirekebisha. Aliomba arushe droni mara ya pili, yeye mwenyewe. Kijiji kilikubali upesi. Wengi walitaka aone kwa macho yake alichokifanya.

Alikwenda asubuhi tulivu, ziwa likiwa halina hata kunyanzi. Yakobo, dereva wa kampuni, aliegesha gari chini ya kilima, na droni ikapanda, ikaenda na kurudi juu ya uharibifu kwa mlio wake uleule. Ilipotua, Kemilembe alifungua kompyuta nyuma ya gari, akangoja msitu ujijenge.

Miti ya ndani ilikuwa imelala, yote ikielekea upande mmoja, mbali na ziwa, mizizi imeng'oka na udongo wake. Moyo ulimuuma, lakini kila mti ulioanguka ulikuwepo, angeweza kuunyooshea kidole. Kisha akasogeza picha mpaka ukingo wa ziwani.

Pale palikuwa na pengo. Kwenye picha ya kwanza, ile ya kabla ya kazi, palikuwa na miti, minene kuliko yote. Sasa haikuwa imesimama, na wala haikuwa imelala. Haikuwepo. Kemilembe aliitazama sehemu ile muda mrefu. Upepo huangusha mti, lakini haubebi.

Alimwambia Yakobo amngoje, akapanda kilima peke yake.

Pengo lilikuwa limefunikwa vizuri. Mtu alikuwa ametandaza majani makavu ya paini na udongo juu yake, na mvua ikayagandisha. Alichuchumaa, akapangusa kwa kiganja. Kisiki kilikuwa bapa kama sahani, msumeno wa mashine ulikuwa umekipita bila kusita. Chini yake, karibu na mizizi, ilikuwepo rangi. Nyeupe. Alama ya mkono wake mwenyewe. Alipangusa cha pili, na cha tatu, rangi ikawa ileile, akaacha.

Kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa nafuu, nafuu kubwa hata machozi yakamtoka. Hakukosea. Hakumkata Ngosha mguu. Ni baada ya hapo ndipo alipoanza kufikiri ni nani.

Alisikia nyayo, akageuka. Machibya alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, shati limelowa jasho la kupanda haraka. Hawakuwa wameonana tangu siku ile ya hospitali. Alikuwa amekonda, na Kemilembe, hata pale, hata na udongo ule mkononi, alitamani kumuuliza kama anakula.

"Nimeona gari," Machibya alisema.

"Nani amekata hapa?"

Machibya alitazama kisiki, kisha ziwani, kisha kisiki tena.

"Machibya, niambie ni wezi."

"Si wezi."

Upepo mdogo ulipita kwenye pengo, ukamletea Kemilembe harufu ya utomvu wa visiki vile, na ndipo akakumbuka ni wapi tena alipoinusa.

"Paa," alisema.

Machibya alikaa chini kama mtu aliyeondolewa mzigo mabegani akakuta hana nguvu ya kusimama bila huo mzigo. Alianza kueleza, macho yakiwa kwenye nyasi. Alisema alikuwa amechoka kungoja. Shangazi alikuwa amesema apaue, na kila alipokwenda Ilemela kusalimia, mama yule alimuuliza habari za nyumba kabla ya habari za wazazi. Miti iliyoruhusiwa huko ndani ilikuwa vijiti. Ile ya ukingoni ilikuwa mbao tupu, imenyooka. Alijiambia kwamba michache haitaonekana, na kwamba mpaka masika yafike ile ya ndani itakuwa imeshika mizizi.

"Nilikwambia," Kemilembe alisema.

"Uliniambia."

"Ulirudia maneno yangu yote. Nilifurahi kwamba unanisikiliza."

"Nilikuwa nakusikiliza, Kemi. Nilikuwa nakutaka zaidi ya nilivyokuwa nakusikiliza. Nilifanya kwa ajili yetu."

Lingekuwa neno tamu siku nyingine. Kemilembe aliliacha lipite. Kulikuwa na jambo moja tu alilohitaji kulijua, na alihofia jibu lake kuliko alivyohofia visiki.

"Siku ile kwenye korido. Baba yako aliponiambia yale. Ulikuwa unajua tayari kwamba ni hapa?"

Machibya alifunga macho.

"Nilijua tangu tulipomtoa Ngosha chini ya mti."

Kumbe pale koridoni hakunyamaza kwa kumheshimu baba yake. Kemilembe alijaribu kulibeba jambo hilo, likamshinda, akaketi naye chini, mbali kidogo. Machibya alianza kumsihi. Alisema baba yake ameshapoteza mguu wa mtoto mmoja, akijua ukweli atampoteza na mtoto mwingine. Alisema yeye Kemilembe ana kazi na ana kwao. Akisema hesabu zilipotea kidogo kampuni itampeleka msitu mwingine, na watu watasahau. Yeye ataishi hapa na atazikwa hapa. Baba atalainika taratibu, na posa itapelekwa.

"Kwa hiyo nije kuolewa nikiwa mwanamke aliyemkata Ngosha mguu," Kemilembe alisema. "Nimwekee chakula. Nimpelekee maji ya kuoga. Wewe ukae mezani unatutazama."

"Ngosha hakulaumu."

"Kwa nini hanilaumu?"

Machibya alirudisha macho kwenye nyasi. Kemilembe alisimama, akajikung'uta magoti. Alimwambia kwamba Jumamosi ameitwa na wazee wa kamati ya msitu, nyumbani kwa Mzee Shimba, kueleza droni imeona nini.

"Nitaeleza ilichoona," alisema. "Droni inaona miti. Haioni watu. Hilo la watu nakuachia wewe."

Alishuka kilima bila kugeuka nyuma. Alijua akigeuka atarudi.

Jioni ile alimwambia shangazi yake kila kitu. Alitegemea kuona ushindi usoni pake, maana ndoa hii hakuipenda tangu mwanzo. Shangazi Wilhelmina alikuwa anachambua maharage. Aliweka ungo chini, akakaa muda mrefu akitazama taa za mitumbwi ya dagaa zikianza kuwaka ziwani. Mwishowe akasema kwamba yeye alitaka kumpima kijana, hakutaka kumsukuma shimoni, lakini mkono wake umo pia na hataukana. Kisha akauliza:

"Bado unampenda?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi Jumamosi uwe macho. Mtu ukimpenda unaweza kumsemea hata uongo ambao yeye mwenyewe hajauomba."

Jumamosi nyumbani kwa Mzee Shimba palikuwa pamefagiliwa. Wazee wa kamati walikaa kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, Mama Machibya kwenye mkeka karibu na mlango, akipepeta mchele ambao haukuwa na haja ya kupepetwa. Ngosha alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, magongo mapya yameegemezwa ukutani, na Kemilembe alipoingia ni yeye peke yake aliyetabasamu.

"Karibu, shemeji," alisema. Baba yake alimtupia jicho, naye hakulirudisha neno lake.

Kemilembe aliweka kompyuta kwenye meza ndogo. Aliwaonyesha msitu kabla, na msitu sasa. Wazee walisogea. Aliwaonyesha miti ya ndani ilivyolala na upande iliolalia, kisha pengo la ukingoni. Alieleza kwa maneno mepesi, bila kupandisha sauti, kwamba miti ile ilipakwa rangi nyeupe, kwamba haikuangushwa na upepo bali ilikatwa na kuondolewa, na kwamba upepo uliingilia hapo. Kama kuna asiyeamini, visiki viko palepale, na rangi ipo.

"Nani alikata?" Mzee Shimba aliuliza.

"Hilo droni haikuona, baba."

Mama Machibya aliacha kupepeta. Machibya alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwenye mwanga, na uso wake haukuonekana vizuri. Mzee mmoja wa kamati alikohoa. Kemilembe alibana meno. Jina lilikuwa limemjaa kinywani, na moyo wake ulikuwa unamwomba mwenye jina alitamke mwenyewe.

"Ni mimi, baba."

Alikuwa Ngosha. Alisema akitazama mahali mguu wake ulipoishia.

"Nilikata mimi," aliendelea. "Nilikuwa nataka mbao. Kwa hiyo asilaumiwe mtu. Nimeshalipa."

Ndipo Kemilembe akaelewa kwa nini Ngosha hakumlaumu. Alikuwepo. Alisaidia kubeba mbao zile mpaka kwenye gari, akanyamaza kwa ajili ya kaka yake, na sasa, kwa ajili ya kaka yake tena, alikuwa anatoa kilichobaki. Alimgeukia Machibya. Machibya alikuwa amesogea kidogo kutoka dirishani, mwanga ukampiga shavuni, na Kemilembe akaona kwenye uso ule anaoupenda kitu ambacho hakukiona hata kule kilimani. Mabega yalimshuka. Alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyekuwa anazama akapata pa kukanyaga. Alikuwa amepata nafuu.

Kilikuwa kitambo kifupi. Wengine chumbani hawakukiona, maana wote walikuwa wanamtazama Ngosha. Kisha Machibya akajipangusa uso kwa viganja viwili, akaja mbele mpaka katikati ya sebule, akapiga magoti.

"Anadanganya, baba. Ni mimi. Yeye nilimwita tu anisaidie kubeba. Mbao ziko Usagara, kwenye paa la nyumba yangu. Na Kemilembe alinikataza."

Mama Machibya alijifunika uso kwa khanga. Mzee Shimba hakumpiga mwanawe, wala hakumfukuza. Alikwenda akasimama nyuma ya kiti cha Ngosha, akamwekea mkono kichwani, akakaa hivyo mpaka wazee wengine wakaanza kutazama kofia zao. Alipozungumza alimwambia Kemilembe. Alisema kwamba alimkosea mbele za watu, na radhi yake ataiomba mbele za watu, kanisani na kwenye mkutano wa kijiji, na kila mahali ambako jina lake lilichafuliwa. Kisha akasema jambo ambalo miezi yote ile wao wawili walikuwa wameliombea.

"Binti yangu, kama bado utamtaka huyu, nitakwenda Ilemela mwenyewe kwa miguu yangu. Sitatuma mtu."

Machibya aliinua uso. Mama alitoa khanga machoni. Hata Ngosha alinyoosha shingo. Kila mlango uliokuwa umefungwa ulikuwa wazi, na Kemilembe alisikia jinsi alivyotamani kuingia.

"Nashukuru, baba," alisema. "Nashukuru sana. Lakini posa isije. Si sasa."

Alifunga kompyuta. Alimpa Ngosha mkono, wakashikana muda mrefu, kisha akapiga goti kuwaaga wazee, akatoka.

Machibya alimfuata mpaka kwenye gari. Yakobo alipowaona alikwenda kukagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo.

"Nimesema, Kemi. Mbele ya wote."

"Umesema."

"Sasa shida iko wapi?"

Kemilembe alitaka kumshika uso, pale kwenye mfupa wa shavu, kama alivyozoea. Alishika mlango wa gari.

"Ngosha aliposema ni yeye, nilikuwa nakutazama wewe."

Machibya hakuuliza aliona nini. Midomo ilicheza kama anayetaka kukana, ikatulia. Ng'ombe walikuwa wanarudi bomani, vumbi lao likawapita wote wawili.

"Ilikuwa sekunde moja," alisema mwishowe.

"Najua. Hata mimi najiambia hivyo." Machozi yalikuwa yanakuja na hakutaka ayaone. "Ni kwamba nikifumba macho sioni kingine."

"Utarudi?"

"Kazini, ndiyo. Ukingo lazima upandwe upya kabla ya masika mengine. Na pale miti ilipoanguka jua limefika chini, mivule imeanza kuchomoza, nimeiona. Msiingize ng'ombe humo. Nitarusha tena droni mvua zikikatika."

Aliingia, akafunga mlango. Machibya alibaki amesimama, mkono mmoja umeinuliwa nusu, hapungi wala haushushi.

Walipofika katikati ya daraja, ziwa likiwa limetanda pande zote mbili, alimwomba Yakobo asimamishe gari kidogo. Yakobo alimtazama kwenye kioo, akamwambia kwa upole kwamba darajani hairuhusiwi kusimama.

"Basi endesha tu," Kemilembe alisema, akainamisha kichwa kwenye kiti cha mbele, akalia gari likienda.